Maradhi mawili katika damu moja

Katika mji wa Tabora kila mtu ni tabibu wa homa. Mtu akiamka na mwili mzito, viungo vikimuuma na mate yakiwa machungu, jirani atamwambia kabla hajaketi kwamba hiyo ni malaria, na aghalabu jirani huyo atakuwa amesema kweli. Unyamwezi ni nchi ya miombo, mabonde ya mpunga na maji yanayotuama baada ya mvua, na mbu hawajapata kuihama. Ndiyo maana bandama lililovimba, ambalo katika nchi za baridi lingemshtua daktari, kwetu huguswa kwa vidole viwili na kuachwa lilale. Ugonjwa mmoja unaojulikana sana huweza kusimama mlangoni kama bawabu, na magonjwa mengine yakakaa ndani miaka bila kuulizwa.

Nasema haya kwa sababu ya baba yangu mdogo. Ni mzee wa miaka 71, mkazi wa Ng'ambo, fundi mstaafu wa karakana ya reli. Mwaka 2021 alianza kuota vinundu shingoni na kwapani, visivyouma, vikubwa kama kungumanga. Alipewa dawa za malaria mara tatu. Halafu, katika zahanati moja ambayo sina haja ya kuitaja, alianzishiwa dawa za kifua kikuu cha tezi, kwa kuwa katika nchi yetu tezi zikivimba bila maumivu mawazo ya kwanza huenda huko. Nayo si mawazo ya kipumbavu. Alizimeza miezi miwili bila tezi kupungua hata moja. Ndipo alipopimwa damu kwa ukamilifu. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Baba mdogo alikuwa nazo 46,000.

Jina la ugonjwa lilikuwa refu: lukemia sugu ya limfositi, yaani saratani ya damu inayozidisha aina moja ya chembe nyeupe, pole pole, kwa wazee hasa. Yeye hakulikariri jina hilo. Alisikia neno lukemia tu, akatikisa kichwa, akasema, "Basi huu ni ugonjwa wa Mwalimu."

Msomaji wa rika langu atakumbuka. Tulikuwa wadogo, tukiwa shule za msingi, tarehe 14 Oktoba 1999, redio ilipobadili muziki na Rais Benjamin Mkapa akalitangazia taifa kwamba Mwalimu Julius Nyerere amefariki dunia katika hospitali ya St Thomas, London, kwa lukemia. Naamini ndiyo siku ambayo neno hilo liliingia katika nyumba nyingi za nchi hii. Hadi hapo saratani tuliyoijua ilikuwa kidonda au uvimbe. Kwamba damu yenyewe, kitu kinachotembea, yaweza kupata saratani, lilikuwa jambo la kushangaza. Na kwa watu wa Tabora msiba ule ulikuwa wa nyumbani. Mwalimu alisoma hapo, Tabora School, tangu mwaka 1937 hadi 1942, kisha akarudi kufundisha St Mary's kuanzia 1946 hadi 1949. Kwa hiyo baba mdogo aliposema "ugonjwa wa Mwalimu" hakuwa akijisikitikia. Alikuwa karibu na kujivuna. Wageni walipokuja kumjulia hali aliwaeleza hivyo hivyo, nao walishusha sauti kwa heshima.

Kilichoitatiza familia hakikuwa ugonjwa bali tiba, au tuseme kukosekana kwa tiba. Daktari alieleza kwamba lukemia ya namna hii, ikiwa changa na mgonjwa hana upungufu wa damu wala hakondi, haitibiwi mara moja. Huangaliwa tu. Mgonjwa hupima damu kila baada ya miezi michache, na dawa huanza pale ugonjwa unapoanza kumdhuru, kwa maana uchunguzi wa miaka mingi ulionyesha kwamba kuwahi kutoa dawa hakumrefushii maisha mgonjwa wa hatua hiyo, bali humwonjesha sumu mapema. Binamu zangu walichemka. Daktari gani huyu anaiona saratani kwa macho yake kisha anamrudisha mzee nyumbani akale ugali? Mmoja alitaka kuuza kiwanja cha Kiloleni mara moja ili mzee apelekwe India. Baba mdogo alikataa kiwanja kisiuzwe, na katika hilo alikuwa na haki: mwaka mzima na wa pili alilima bustani yake, akaenda misibani, akagombana na mafundi wa baiskeli barabarani kama kawaida yake.

Hapo katikati nilijizoeza, kwa kila safari ya kwenda kumwona, kufika Kwihara. Wengi waijua: ni kilometa chache kutoka mjini, kuna nyumba ya udongo yenye paa bapa, tembe, iliyojengwa upya kwa mfano wa ile aliyokaa David Livingstone mwaka 1872. Njia ya misafara ilipita katika nchi hii, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na nguo na shanga, frasila mbili kwa mtu, ambazo ni zaidi ya kilo 30. Historia hiyo tumeisoma shuleni kwa upande wa biashara, utumwa, na vita vya Mirambo na Waarabu. Mimi siku hizi naisoma kwa upande wa magonjwa. Richard Burton na John Speke walipoingia Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne, Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea wakiwa wamedhoofika kwa homa; na walipofika ziwani mapema mwaka 1858, Burton hakuweza kutembea na Speke alikuwa karibu kipofu.

Habari ya Livingstone mwenyewe ndiyo inayonirudia zaidi. Alifia Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao walipoutayarisha mwili ili waubebe hadi pwani, waliutoa moyo na matumbo wakavizika huko huko, na walipokuwa wakifanya hivyo waliona upande wa kushoto wa tumbo bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu. Mwili huo ulipita Unyanyembe mwezi Oktoba mwaka ule. Watu wakiulizwa Livingstone alikufa kwa nini husema homa, au kuhara damu. Lakini mtu yule alikuwa na malaria ya miaka mingi, na tumbo lililokuwa likivuja damu, na njaa, na bonge lile ambalo wale mabwana waliliona kwa macho yao wenyewe. Mwili wake ulikuwa na mengi kwa pamoja, nasi tumeyakunja yote katika neno moja kwa kuwa neno moja ni jepesi kubeba.

Mapema mwaka 2024 baba mdogo alianza kuumwa mgongo.

Nani angeshangaa? Fundi aliyeinama chini ya mabehewa miaka zaidi ya thelathini, akanyanyua vyuma ambavyo vijana wa leo wangeviitia winchi, lazima mgongo udai malipo. Majirani walisema ni reli. Watoto wake walisema ni uzee. Mhudumu mmoja wa afya, alipoambiwa kwamba mzee ana lukemia, alisema bila kumgusa kwamba ni hiyo hiyo lukemia. Baba mdogo akawa ananunua vidonge vya diklofenaki katika duka la dawa, akimeza viwili asubuhi na viwili jioni, kwa miezi mitano. Ningependa kila mwenye mzazi anayeumwa mgongo asome sentensi ile mara mbili. Dawa hizo za maumivu, zikitumiwa mfululizo, huumiza figo; na kwa mtu mwenye ugonjwa ambao sisi wakati huo hatukuujua, figo ndizo zinazolengwa kwanza.

Mwezi Agosti, akiinuka kwenye kiti, alisikia kitu kikikatika mgongoni. Alipelekwa hospitalini kwa bajaji, akiwa amelala kwa ubavu juu ya mapaja ya mwanawe.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mdogo, wa umri ambao baba mdogo alizoea kuwatuma chai karakanani. Alisoma daftari la lukemia tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza maswali ambayo hayakuwa na uzuri wowote ila mantiki. Chembe nyeupe za mzee mwaka 2021 zilikuwa 46,000. Sasa ni 38,000. Tezi hazijakua, bandama halijakua. Kwa hiyo lukemia haijasonga. Mbona basi wekundu wa damu umeshuka hadi 7.2? Mbona figo zimechoka? Mbona kalsiamu imezidi katika damu? Na mbona mfupa wa mgongo umevunjika, wakati lukemia hii si kawaida yake kula mifupa? "Mzee," alimwambia, "ugonjwa wako wa zamani hauna hatia katika jambo hili. Tumtafute mwingine."

Alimpiga eksirei ya fuvu la kichwa. Niliiona picha ile. Fuvu lilikuwa na vitobo vya duara, vidogo, vimetawanyika, kama ubao uliokaa ghalani ukaliwa na bungua.

Jina la huyo mwingine ni mayeloma, saratani ya seli za plazima. Ili msomaji aelewe ajabu ya kukutana kwao, inabidi nieleze kidogo jinsi damu inavyozaliwa. Nami niliyesomea uandishi wa habari nitaeleza kama nilivyoelezwa. Ndani ya mifupa mikubwa kuna uloto, ambao wengine huuita uboho, ule unaofyonzwa na watoto tukichinja. Humo ndimo zinamozaliwa chembe zote za damu. Baadhi ya chembe nyeupe huitwa limfositi B. Zikikomaa husambaa katika damu, tezi na bandama, zikisubiri kijidudu. Zikikutana nacho, baadhi yao hubadilika umbo, zikarudi katika uloto na kuwa seli za plazima, yaani viwanda vya kutengeneza kingamwili zinazotulinda. Lukemia ya baba mdogo hutokana na limfositi B zilizokomaa ambazo zimekataa kufa. Mayeloma hutokana na seli za plazima ambazo zimekataa kusimama: zinajaza uloto hadi chembe nyekundu zinakosa nafasi, zinachochea mifupa iyeyuke, kalsiamu ya mifupa inamwagika katika damu, na protini wanazotengeneza bila kiasi zinaziba figo.

Msomaji mwepesi atasema: basi ni ukoo mmoja, huyu mtoto wa yule, lukemia imekua ikawa mayeloma. Nami nilisema hivyo. Mara nyingine magonjwa ya damu hugeuka kweli. Lukemia hii hii huweza kugeuka ikawa limfoma kali ya tezi, jambo lililoelezwa na Maurice Richter huko New York mwaka 1928 na linalobeba jina lake hadi leo. Lakini wataalamu walipozichunguza chembe za wagonjwa wenye lukemia hii pamoja na mayeloma, katika wengi wao walikuta kwamba kila ugonjwa ulianzia katika chembe yake, kwa kosa lake, siku yake. Katika wachache tu ndipo walipoona alama za asili moja. Ni kama ndugu wawili wa ukoo mmoja walioiba usiku mmoja katika nyumba mbili bila kuambiana. Kuna wagonjwa wengine, nao pia ni nadra, wanaopata lukemia ya limfositi pamoja na ile lukemia sugu nyingine inayotokana na tawi tofauti kabisa la uloto. Wagonjwa wa namna zote hizi ni wachache, na sehemu kubwa ya yanayojulikana juu yao yameandikwa na madaktari mmoja mmoja: nilimwona mtu mmoja, hali yake ilikuwa hivi.

Ajabu nyingine ni ya tarehe. Mwaka 1845 ndio mwaka ambao Rudolf Virchow wa Berlin na John Hughes Bennett wa Edinburgh, kila mmoja kwa upande wake, waliandika habari za wagonjwa waliokufa wakiwa na damu iliyojaa chembe nyeupe. Virchow ndiye aliyeipa lukemia jina lake mwaka 1847. Na mwaka huo huo wa 1845, huko London, daktari Henry Bence Jones alipelekewa mkojo wa mfanyabiashara aliyekuwa akivunjika mifupa, akaona ndani yake protini inayoyeyuka mkojo ukichemshwa na kurudi ukipoa. Protini hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake, na ilipatikana katika mkojo wa baba mdogo. Yaani magonjwa hayo mawili yaliingia katika vitabu vya Ulaya kwa pamoja, miaka kumi na miwili kabla ya Burton kuingia Tabora. Kisha yakakaa katika kurasa mbali mbali, na wanafunzi wa udaktari wakayasoma kama mambo mawili yasiyojuana.

Mafunzo yetu sote, ya daktari na ya jirani, yanapenda sababu moja. Na kupenda huko kumeleta mema. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alionyeshwa na mwenzake Hugh Trowell mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu baadaye, akiwa Jinja, alitupa macho dirishani akaona mtoto mwingine aliyevimba uso. Alipompima alikuta tumboni nako kuna uvimbe. Hadi hapo uvimbe wa taya uliandikwa kama ugonjwa wa taya na wa tumbo kama wa tumbo. Burkitt alirudi katika kumbukumbu za wagonjwa na kuonyesha kwamba ni ugonjwa mmoja, saratani ya tezi za watoto, limfoma ambayo leo hujulikana kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari ya gari ya maili 10,000 wakiuliza hospitali hadi hospitali hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Wakaona unafuata nchi za joto na mvua, kama malaria inavyofuata. Mwaka 1964 virusi vilivyohusika navyo viligunduliwa London katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kutoka Uganda. Afrika Mashariki ina haki ya kuijua historia hiyo vizuri kuliko inavyoijua. Lakini Burkitt alithibitisha kwamba yaliyodhaniwa mengi ni moja. Kijana yule wa Tabora ilimbidi afanye kazi iliyo kinyume, ambayo haina sifa wala haimpi mtu jina: kuona kwamba lililodhaniwa moja ni mawili.

Ilipotangazwa nyumbani kwamba mzee ana saratani mbili, kikao cha familia kiliitishwa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba mdogo, alitoka Sikonge akiwa na kuku wawili na maneno yake tayari. Alisikiliza yote, kisha akasema: "Ugonjwa mmoja ni wa Mungu. Wa pili una mtu." Kimya kikatanda. Kila aliyekuwapo alijua maana yake, na kila mmoja alijua jirani gani angetajwa kama mjadala ungeendelea, maana kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba tangu mwaka 2016.

Huenda msomaji wa mjini atamcheka shangazi. Mimi sikumcheka, kwa kuwa swali lake lilikuwa swali halisi, na ndilo wanalojiuliza watafiti kwa lugha nyingine: kwa nini mtu mmoja apate mawili? Majibu yaliyopo ni kadhaa. Yote mawili ni magonjwa ya wazee, na katika damu ya wazee wengi kuna makundi madogo ya chembe potofu yaliyolala ambayo hayatawadhuru maisha yao yote. Hali hiyo inayotangulia mayeloma imeonekana kwa watu weusi zaidi kuliko weupe. Lukemia ya limfositi hudhoofisha kinga ya mwili, na kinga hiyo ndiyo inayofanya doria dhidi ya chembe zinazoasi. Pengine kosa la kwanza lilikuwa katika chembe mama, vizazi vingi nyuma. Kuna pia dawa za saratani ambazo zenyewe huweza kuleta lukemia nyingine baada ya miaka, ingawa hilo halikumhusu baba mdogo ambaye hakuwa amepewa yoyote. Na mara nyingine mambo mawili yasiyo ya kawaida humwangukia mtu mmoja tu.

Lakini aliyemjibu shangazi si mimi. Baba mdogo, akiwa amelala kwa mgongo juu ya godoro la sebuleni, alisema: "Dada, kama kuna mtu anayeweza kuingia katika mifupa yangu mara mbili bila mimi kusikia, mtu huyo si wa kushtakiwa. Tumwombee kazi hospitalini." Shangazi alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na machozi yale hayakuwa ya kicheko yote. Mpaka wa shamba haukuzungumzwa tena siku ile.

Kikao kikageukia yanayowezekana. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi Urambo, alikuwa amemwandikisha katika bima yake ya afya kama mzazi tegemezi. Bila hiyo sijui ningekuwa naandika nini. Nauli, chakula na malazi ya wauguzaji ilibidi zitoke mifukoni, na safari hii kiwanja cha Kiloleni kiliuzwa, mzee mwenyewe akitia sahihi. Mwezi Oktoba 2024 tulimlaza katika gari la binamu, mgongo umefungwa mkanda mgumu, tukapita Nyahua, Chaya, Itigi na Manyoni, karibu na njia ile ile ya wapagazi katika lililokuwa pori la Mgunda Mkali. Dodoma tulimpandisha treni ya umeme. Mtu aliyeishi na injini za dizeli hakuweza kulala. Alitaka aelezwe waya wa juu unabeba nguvu kiasi gani, na mhudumu aliyekuja kukagua tiketi alipata mtihani ambao hakuutarajia. Kabla hatujachoka tulikuwa Dar es Salaam.

Muhimbili walifyonza uloto kutoka mfupa wa nyonga. Chini ya hadubini, na kwa vipimo vinavyotambua alama zilizo juu ya kila seli, makundi mawili yalionekana bayana: limfositi ndogo za lukemia hapa, seli za plazima pale, kila kundi na alama zake. Muuguzi mmoja Mzaramo, aliposikia kwamba mgonjwa ni Mnyamwezi, alimwambia: "Mtani wangu, nyinyi hamwachi desturi. Frasila mbili hadi pwani!" Baba mdogo alimjibu kwamba babu zake walilipwa kwa mizigo hiyo, yeye je, analipwa na nani? Utani ule wa njia ya misafara, uliozaliwa wakati wageni walipofia ugenini wakahitaji wa kuwazika, ulimfaa kuliko pole zetu nyingi.

Uamuzi wa tiba ulikuwa mwepesi kuusema na mzito kuutenda: anayeua kwanza atibiwe kwanza. Mayeloma ilikuwa ikivunja mifupa na kuharibu figo. Lukemia ilikuwa imelala. Upandikizaji wa uloto, unaofanyika Muhimbili tangu mwaka 2021, haukumfaa kwa umri na hali ya figo zake. Alipewa sindano za bortezomibu, vidonge vya deksamethazoni, dawa ya kuimarisha mifupa, na baadaye, figo zilipopata nafuu, lenalidomaidi kwa kipimo kilichopunguzwa, dawa ambayo ina nguvu kiasi juu ya lukemia pia. Hatari yao kubwa kwa mtu kama yeye ni maambukizi, kwa sababu kila moja ya saratani hizi hudhoofisha kinga kwa upande wake, na dawa huongeza yake. Mafua ya mjukuu yalikuwa habari ya kuitiwa teksi.

Na kuhusu wajukuu kulikuwa na jambo lililonikosesha usingizi. Lenalidomaidi ni ndugu wa talidomaidi, dawa iliyouzwa Ulaya tangu mwaka 1957 hadi 1961 kama ya kutuliza na kuzuia kichefuchefu, ikasababisha maelfu ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu. Mwaka 1999 ndipo ilipotangazwa kwamba inasaidia katika mayeloma. Mwanamke mjamzito hapaswi hata kushika unga wake. Nyumbani Ng'ambo kulikuwa na mkaza mwana mwenye mimba ya miezi mitatu, ambaye ndiye aliyekuwa akifua nguo za mzee na kumpangia dawa. Kazi hiyo aliichukua baba mdogo mwenyewe. Vidonge vilitiwa katika bati la biskuti, bati likafungwa kwa kufuli ya karakana, ufunguo ukavaliwa shingoni. Alijifunza kufua mashuka yake akiwa na miaka 70. Mtoto alizaliwa salama mwezi Mei 2025, wa kike, kilo tatu na robo, mikono na miguu yake tumeihesabu wote.

Mgongo umempunguza kimo, na hatanyanyua tena kitu kizidicho ndoo ndogo ya maji. Protini ya Bence Jones imetoweka katika mkojo. Wekundu wa damu umepanda hadi 11.4. Wageni wakija bado huwaambia kwamba ana ugonjwa wa Mwalimu. Na ule wa pili, kwa kuwa hajamjua mtu maarufu wa kuupa jina lake, ameuita "wa kijana," kwa heshima ya daktari yule wa zamu. Katika kliniki iliyopita chembe nyeupe zilikuwa 31,000. Daktari ameandika katika daftari kwamba lukemia iendelee kuangaliwa, na tarehe ya kurudi ni baada ya majuma manane.